Kadi ya mshahara isiwekwe rehani

Ndugu Mhariri,

Mnapoandika kuhusu mikopo ya mtaani ya riba kubwa, "kausha damu", mnamtazama zaidi mkopeshaji. Nyumba inayolipa haionekani. Kwetu mshahara ni mmoja, wa mume wangu, mwalimu wa shule ya msingi. Mtumishi wa umma hatakiwi kubaki na chini ya theluthi moja ya mshahara baada ya makato, lakini kinga hiyo inaishia kwenye hati ya mshahara. Mkopeshaji wa mtaani hapiti kwa mwajiri. Anashika kadi ya benki na namba ya siri, mshahara ukiingia anatoa chake kwanza, na theluthi nayo inakwenda. Sisi tunabaki na mafuta ya kupima na mchele wa robo. Mchezo wa kina mama wa kuchangiana fedha nimejitoa, na hilo limeniuma kuliko kukosa nyama, maana mchezo ndio ungelipa ada.

Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 inamtaka mkopeshaji awe na leseni. Vizuri, ila ukaguzi uanzie kwenye droo ya mkopeshaji: anayekutwa na kadi za watu aeleze anazifanyia nini.

Mke wa mwalimu,
Morogoro