NYUMBA YA MUISLAMU: Mbwa Kijana na Ua Wetu

Ndugu mmoja wa upande wa Kajiado ametuandikia barua ndefu, nasi twaona ni kheri tuijibu hapa mbele ya wasomaji wote, kwani jambo lenyewe limeanza kuingia katika nyumba nyingi za Waislamu. Yeye ana ua mkubwa, bustani ya mboga na mbuzi 12, na wezi wamekwisha mwingilia usiku mara mbili. Mwanawe wa miaka 16 alikwenda na wenzake Nairobi, katika makao ya wanyama ya chama cha KSPCA yaliyoko Karen, akaona huko mbwa mwekundu apataye miezi 10, mwenye nguvu nyingi mno, ambaye wenyewe wa kwanza walishindwa naye. Tangu siku hiyo kijana hana neno jingine mdomoni. Baba auliza: je, yafaa? Na mama wa nyumba asema kuwa akiingia mbwa, yeye atatoka.

Twaanza na sharia, kwa sababu ndiyo iliyoulizwa, ingawa kwa maoni yetu siyo sehemu ngumu ya barua hii. Hadithi zilizopokewa na Bukhari na Muslim zajulikana: afugaye mbwa asiyekuwa wa mifugo, wa shamba wala wa kuwinda, thawabu zake hupungua kila siku kadiri ya kirati, na katika mapokezi mengine kirati mbili. Basi mbwa wa pambo, wa kupakatwa na kuoneshwa wageni, hana mlango hapa. Ama wa kulinda nyumba, wanavyuoni wetu wa madhehebu ya Shafi walikhitalifiana, na Imam Nawawi akaona kauli iliyo sahihi zaidi ni kuwa yafaa, kwa kukisia na zile kazi tatu. Na mbwa mdogo anayelelewa ili afunzwe kazi hizo, naye pia kauli yenye nguvu ni kuwa yafaa. Kwa hiyo ndugu yetu mwenye mbuzi, bustani na wezi asitiwe khofu na majirani.

Kuhusu najisi, sisi Mashafi twaosha mara saba, moja kwa udongo, palipoguswa na ute wake au na mwili wake ukiwa na unyevu. Kikavu kwa kikavu hakinajisi. Twalisema hili kwa sababu wako watu wazima wenye kupiga mayowe mbwa akipita umbali wa hatua kumi! Imam Malik amemhesabu mbwa kuwa ni tohara, lakini hatumshauri mtu ayabadili madhehebu yake kwa ajili ya mbwa. Njia ni nyepesi: kibanda chake kiwe nje, chombo chake kisiingie jikoni, na kijana awe na kanzu au suruali ya kazi asiyosali nayo. Na fedha zinazotakiwa na makao hayo, ikiwa ni za chanjo na chakula alichokula mbwa, si thamani ya mbwa. Na kuuza mbwa ndiko kusikosihi kwetu, si kumsaidia aliyemtunza.

Sasa tufike penye uzito. Mbwa wa miezi 10 ni kijana kama huyo aliyemtaka. Meno yamekwisha toka, miguu imekuwa mirefu, akili bado. Aruka, achimba, atafuna viatu, avuta kamba hata mtu aanguke. Nyumba za kuhifadhi wanyama zina wengi wa umri huu khasa, kwani watu humpenda akiwa mdogo kama pamba, kisha baada ya nusu mwaka wakamwona ni mzigo. Si mbwa mbaya. Ni mbwa aliyekosa kazi. Ukimtia mnyororo wa hatua tatu ili atulie, hatatulia. Mtaani kwetu palikuwa na mmoja wa namna hiyo, akibweka tangu magharibi mpaka alfajiri, akabwekea paka, upepo na muadhini, hata watu wakazoea, na usiku walipokuja wezi hapana aliyeinuka kitandani. Ulinzi umekwenda, na dhulma imebaki.

Mbwa kama huyu ataka kutembezwa na kukimbizwa mara mbili kwa siku, na masomo mafupi ya dakika tano tano: kuja akiitwa, kukaa, kuacha alichokishika. Afundishwe kwa kipande cha chakula na sauti ya upole. Fimbo humfundisha kuuma. Kur'ani katika Sura ya Maida imetaja wanyama wa kuwinda waliofunzwa, na kwamba elimu wanayofunzwa yatoka kwa Mwenyezi Mungu. Na mafakihi wakatofautisha windo la mbwa aliyefunzwa na la asiyefunzwa, hilo halali na hili siyo. Kijana wetu aamkaye kwa sala ya alfajiri anao wakati wake tayari, akisha sali na kubadili nguo. Asiyeamka, basi na atuambie ni nani atakayeamka.

Na mbuzi je? Hapa baba amekosea hesabu. Mbwa wa kulinda mifugo hulelewa pamoja nayo tangu utoto. Huyu wa mjini aliyekwisha kua, akimwona mbuzi akikimbia, atamfukuza, na huenda akamrarua. Waulizeni watunzaji wake: amepata kukutana na mbuzi? Yuko vipi na watoto? Wao ndio wamjuao. Akija, miezi ya mwanzo asikaribie zizi ila kwa kamba, na afungue macho yule aliyeishika. Huenda akafaa kwa ua na bustani tu, na hilo latosha kuwa kazi.

Chanjo ya kichaa cha mbwa hupigwa tangu miezi mitatu kisha ikakaririwa kila mwaka. Serikali ya Kenya ilianza mwaka 2014 mpango wa kuuondosha ugonjwa huu kwa watu ifikapo 2030, na msingi wake ni kuchanja mbwa. Akimwuma mtu mbwa yeyote, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha mtu aende hospitali siku ile ile, asingoje kombe wala dawa ya mitishamba. Kwani dalili zikisha tokea, kupona ni nadra mno.

Kila mtoto wa chuoni aijua khabari ya mtu aliyeshuka kisimani akajaza maji kiatu chake kwa ajili ya mbwa mwenye kiu, akasamehewa. Ile ilikuwa huruma ya saa moja. Mbwa huishi miaka 10, hata 13. Kijana wa miaka 16 atakuwa chuo kikuu baada ya miaka mitatu au minne, na mbwa atabaki langoni akimngoja. Baba ajiulize kama yuko tayari kuwa mwenye mbwa yeye mwenyewe, kwa sababu ndivyo itakavyokuwa.

Lakini wa kwanza kuulizwa ni mama, ambaye barua imempa mstari mmoja tu. Watoto wakiwa shule na mume yuko kazini, nani atamtilia maji? Aoneshwe kibanda kitakapokuwa na bomba la kuoshea, apewe ahadi ya nani ashike nini, kisha asikizwe. Akikubali, kijana amzuru mbwa yule mara tatu au nne kabla ya kumchukua. Akikataa, neno lake lishikwe, na kijana awaulize watu wa Karen kama wataka mkono wa kuwasaidia siku za Jumamosi. Mbwa yule ataka kutembezwa hata huko aliko. Wallahu aalam.