Tuacheni Tukasirike

Kama kuna neno linalofaa kupigwa marufuku kwenye vikundi vya walioacha pombe, ni "shukuru". Mtu anafungua moyo, sauti inatetemeka, na kabla amalize ameshapewa: shukuru tu, uko hai. Makofi. Anayefuata. Jamani, hiyo si faraja. Huko ni kumfunga mtu mdomo kwa adabu.

Utetezi naujua. Kitabu kikuu cha Alcoholics Anonymous, kilichotoka Marekani 1939, kinamwonya mlevi kwamba kinyongo ndicho adui wake mkubwa. Sawa. Lakini kisome basi. Hatua ya 4 haikuambii umeze. Inakupa karatasi yenye safu: una kinyongo na nani, alikufanyia nini, na palikuuma wapi, mfukoni, kwenye heshima ama kwenye mapenzi. Ukishajaza hizo ndipo unaulizwa makosa yako wewe. Sisi tumeziruka zote tatu, tumekimbilia ya mwisho, tukafunga na maombi. Ni rahisi, hakuna anayelazimika kusikiliza. Tena vikundi vingi vina kanuni kwamba mtu akiongea hajibiwi. "Shukuru" ni jibu, buda.

Na hapa Kenya hasira ina anwani. Mei 2014 watu walikufa kwa makumi, wengine wakapofuka, kwa pombe yenye methanoli. Embu na Kiambu walizika. Februari 2024 ikawa zamu ya Kirinyaga. Mtu aliyezika ndugu yake hivyo, akaacha chupa kwa uchungu huo, unamwambia ashukuru nini? Ana haki ya kumkasirikia muuzaji, askari aliyekuwa akipita kuchukua chake, hata marehemu mwenyewe.

Ama chukua mama aliyemaliza siku 40 bila kuonja kitu, na wakwe hawataki aone watoto wake. Akiambiwa shukuru, hasira haiyeyuki. Inapanda naye matatu, inashuka naye steji, na pale steji kuna keg. Kesho tutasema, "Lakini alikuwa anaendelea poa." Alichohitaji ni dakika tano za watu kunyamaza, kisha mtu wa kumsindikiza ofisi ya watoto Jumatatu.

Kweli, kuna yule anayeleta kisa kilekile kila Alhamisi mwaka mzima, hadi kinyongo kimekuwa chupa yake mpya. Huyo aambiwe. Lakini aambiwe kando, na sponsa wake (sponsa wa AA, si yule mwingine mnayemjua), mtu aliyemsikiliza tangu mwanzo na anayejua kisa hicho kina nini ndani. Asiambiwe na chumba kizima kinachoangalia saa.