Kufuli la Difu Ni Juu ya Mwenye Gari



Kila mwaka masika yanapoingia mwezi wa Machi, madereva wetu wanaokwenda Marsabit, Turkana, Wajir, Narok na Tana River huanza kuleta habari za namna moja. Gari limelala matopeni siku mbili. Tanboi amechimba mpaka mikono imechubuka. Hafu-shafti imekatika. Mwisho wa mwezi, mshahara nao umekatwa. Dereva akienda kuuliza, mwenye kazi humjibu: "Nilikupa fowili. Umekwamaje?"

Leo twataka kulijibu swali hilo, maana waulizao wengi hawajapata kulala chini ya gari lao hata siku moja wakaona lilivyo.

Gari la fowili la kawaida huitwa hivyo kwa sababu injini hupeleka nguvu mbele na nyuma. Lakini katika kila ekseli iko difu, na difu ina tabia yake. Mtambo huu ni wa zamani, Mfaransa Onésiphore Pecqueur aliubuni mwaka 1827, na kazi yake ni njema. Gari likikata kona, gurudumu la nje husafiri mwendo mrefu kuliko la ndani, nayo difu huyaruhusu yaachane. Bila difu, tairi zingeburuzwa katika kila kona. Taabu ni kwamba difu hugawa nguvu sawasawa kwa magurudumu yote mawili, wala haiwezi kumpa mmoja zaidi ya mwenzake. Gurudumu moja likiingia katika utelezi, halina cha kushika, na nguvu ya kulizungusha ni kidogo sana. Basi lile la pili nalo hupata kidogo kile kile, hata kama limesimama juu ya mwamba mkavu. Ndiyo maana mwaona gurudumu moja linazunguka kama cherehani na jenzake limetulia kama mgeni barazani. Mbele huwa hivyo hivyo. Gurudumu moja la mbele na moja la nyuma yakikosa mahali pa kushika, fowili yote imekwisha, na dereva hata awe hodari namna gani atabaki pale pale.

Kufuli la difu huondoa taabu hiyo. Huyafunga magurudumu mawili ya ekseli moja yaende pamoja, na lile lililo mahali pakavu hulivuta gari zima. Viwanda vyenyewe vyajua haja hii: Land Cruiser za namba 70 huweza kuagizwa zikiwa na makufuli ya difu mbele na nyuma kutoka kiwandani. Mwenye gari asiyeagiza, ili apunguze bei, amechagua mwenyewe. Asije akamdai dereva fedha alizookoa siku ile.

Sasa tuseme juu ya kununua, kwa sababu wenye magari hutuambia kwamba kitu hiki ni cha matajiri. Si kweli kwa namna zote. Liko kufuli la upepo, kama lile la ARB ya Australia, ambalo dereva hulifunga kwa kubonyeza swichi. Ni zuri sana, lakini ni ghali: bei yake ni zaidi ya dola 1,000 za Marekani kwa ekseli moja, na pampu ya upepo ni fedha nyingine. Tena lataka fundi wa kwelikweli, maana huja na kasha lake zima. Itabidi krauni ifunguliwe, beringi zipimwe upya, nafasi kati ya krauni na pinioni irekebishwe kwa vipande vyembamba vya chuma, na nyumba ya difu itobolewe kupitisha mrija wa upepo. Yako pia ya umeme, na bei yake haiko mbali na hiyo.

Lakini liko na la bei nafuu, linalojifunga lenyewe. Lock-Right na Aussie Locker ni ya jamaa hiyo. Huko Marekani bei yake ni ndogo sana kuliko ya lile la upepo, kabla ya nauli na ushuru. Halina pampu, halina waya, halina swichi. Fundi hutoa zile gia ndogo za ndani ya difu, kisha mahali pake huweka vipande vyenye meno vinavyoshikana kwa pini na springi. Ukikanyaga mafuta, meno hushikana. Ukikata kona, gurudumu la nje likitaka kutangulia, meno huachia kwa sauti ya kak-kak-kak, nalo hupita. Krauni na pinioni hazibadilishwi vipimo, na hapo ndipo gharama ya ufundi inapopungua.

Njia ya tatu ni kununua difu iliyotumika, yenye kufuli la kiwandani, kutoka katika magari yaliyovunjwa Japani. Wauzaji wa Barabara ya Kirinyaga, tunayoiita Grogan, wazijua. Hapa twaonya jambo moja kwa sauti kubwa: hesabuni meno kabla ya kutoa fedha. Krauni yenye meno 41 na pinioni yenye meno 10 hutoa 4.1. Ya meno 43 kwa 10 hutoa 4.3. Gari la 4.1 mbele likitiwa difu ya 4.3 nyuma litaenda vizuri kwa tuwili, na mtafurahi. Siku ya kuingiza fowili mahali pagumu, mbele na nyuma zitavutana mpaka kitu kipasuke. Tena nunueni na swichi yake, mota yake na waya zake, maana kuvitafuta baadaye kimoja kimoja ni mateso.

Wako na mafundi wanaosema kwamba yote hayo ni kupoteza fedha, wao watazichomelea gia za ndani kwa welda nanyi mtakuwa na kufuli kwa bei ya chakula cha mchana. Sisi twasema hapana, wala hatutalegeza neno hili. Difu iliyochomelewa haiachii kamwe. Katika lami gari hukataa kona na kwenda mbele, tairi huliwa, na hafu-shafti hupindwa kila siku hadi zikatike. Mwanachama akipewa gari la namna hiyo kubeba watu, alete habari kwa katibu wa tawi kabla hajaliondoa.

Je, kufuli litiwe ekseli ya mbele au ya nyuma? Madereva hubishana sana juu ya hili, na ubishi wenyewe ni mtamu. Kwa pikapu inayobeba mzigo na kushinda porini, twaona nyuma ndiko, maana gari likipanda mlima uzito wote hurudi huko. Lakini kufuli linalojifunga lenyewe, likiwa nyuma ya gari linaloshinda katika lami, lina tabia ya kushtuka katika kona, na barabara ikiwa na maji magurudumu yote mawili ya nyuma huweza kuteleza pamoja kwenda upande. Gari la abiria lenye friwili mbele, kama Land Cruiser nyingi za zamani, afadhali liwekwe mbele. Friwili zikiwa wazi, dereva hatalisikia kabisa katika lami. Akizifunga matopeni, ajue kwamba usukani utakuwa mzito, na asikanyage mafuta kwa nguvu hali amepinda usukani hadi mwisho, kwani viungo vya hafu-shafti za mbele hupasuka hapo. Magari yanayoendeshwa na magurudumu manne siku zote, kama Land Rover Defender na Prado nyingi, hayafai kutiwa la kujifunga lenyewe mbele. Hayo yangoje la upepo au la umeme.

Ninyi ndugu mafundi, kazi hii mnaiweza, lakini msiifanye mbio mbio. Gari likae juu ya stendi, lisikae juu ya jeki. Mwageni oili, mkaitazame: ikiwa ina vipande vya chuma, hiyo difu yataka kutengenezwa kwanza, wala hakuna haja ya kuitia kitu kipya. Difu za Toyota hizi na nyingi za Land Rover hutoka nzima kwa upande wa pinioni baada ya kuvuta hafu-shafti, na ni nzito, muwe wawili. Vifuniko vya beringi vitieni alama, kila kimoja kirudi upande wake na kwa namna kilivyokuwa, kwa sababu vilikatwa pamoja na nyumba yake. Baada ya kupanga vipande, pimeni nafasi kati yake kwa kipimo, mlinganishe na kitabu cha aliyelitengeneza. Nafasi isipokuwa sawa, msifunge kwa matumaini. Kasha likiwa limechakaa, kufuli litavunjika na lawama itakuwa yenu.

Mkimaliza, liinueni gari magurudumu yote mawili ya ekseli hiyo, tieni gia, zimeni injini. Mmoja azungushe gurudumu la kushoto mbele mpaka likaze, alishike hapo. Mwenzake azungushe la kulia kurudi nyuma. Lazima liende kwa mlio wa kak-kak. Kisha mbadilishane pande. Lisipoenda, fungueni tena leo, msingoje liwe Loiyangalani. Tairi za ekseli hiyo ziwe za ukubwa mmoja na upepo mmoja, la sivyo kufuli litakuwa linahangaika hata katika njia iliyonyooka.

Tukiri pia kwamba kufuli halitengenezi yote. Tairi zilizokwisha meno hazitasaidiwa nalo. Kupunguza upepo wa tairi kabla ya kuingia mchangani au matopeni hakugharimu hata senti, bali gari liwe na pampu ya kurudishia. Tena dereva asiye na kufuli aweza kukanyaga breki polepole huku akitia mafuta, ili lile gurudumu linalozunguka bure lipate kizuizi na jenzake lipate nguvu. Twawajua waliotoka Chalbi kwa njia hiyo. Lakini ni ya kuokoa siku moja. Mwajiri asiifanye kuwa ndicho kifaa.

Wenye kazi husema kwamba dereva akipewa kufuli atakuwa jeuri, ataingia kila shimo, na hafu-shafti zitakatika zaidi. Neno hili lina ukweli ndani yake. Kufuli la swichi lifungwe kabla ya kuingia matopeni, gari likienda taratibu au limesimama. Mtu akilifunga wakati gurudumu moja linazunguka kwa kasi, atavunja. Akisahau kulifungua afikapo lami, atavunja. Basi dawa yake ni kumfundisha dereva kwa siku moja, kwa mshahara wake, kabla ya kumpeleka safari. Kumnyima kifaa kwa sababu hajafundishwa ni kama kumnyima mwashi kipimamaji.

Maana tazameni yanayotokea kifaa kisipokuwapo. Gari lililokwama huvutwa na lori kwa cheni au waya, watu wakiwa wamesimama karibu, wengine wanasukuma kwa mabega. Cheni ikikatika hurudi kwa nguvu ya kuua. Tanboi ndiye aliye karibu nayo kuliko wote, naye ndiye mwenye mshahara mdogo kuliko wote. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007, kifungu cha 6, yamtaka mwenye mahali pa kazi atoe mitambo na njia za kazi zilizo salama. Gari linalotumwa njia ya udongo mweusi wakati wa masika ni mtambo wa kazi. Kwa maoni yetu, kufuli la difu, kamba nzuri ya kuvutia, koleo na pampu ya tairi vimo katika maneno hayo, na twataka viandikwe katika mapatano yetu na kila kampuni inayopeleka magari huko.

Kwa hiyo twawakataza wanachama kuchanga fedha zao kununulia kufuli gari la mwajiri. Tumesikia kwamba imefanyika mahali fulani, madereva watatu wakachanga, na gari likauzwa mwaka uliofuata pamoja na kufuli lao. Wanachama wenye gari lao wenyewe, au wanaomiliki kwa ushirika, hao wafanye hesabu: siku moja ya kulala njiani na mzigo unaooza ni shilingi ngapi, na masika yana siku ngapi za namna hiyo.

Na juu ya kukatwa mshahara, Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 19, yaruhusu mwajiri kukata kiasi cha haki kwa mali iliyoharibika kwa kosa la kukusudia la mfanya kazi. Kukwama katika udongo mweusi kwa gari lisilo na kufuli si kukusudia. Yeyote aliyekatwa fedha kwa sababu ya hafu-shafti au gharama ya kuvutwa tangu Machi, alete karatasi ya mshahara katika ofisi ya tawi, pamoja na tarehe, jina la njia, na uzito wa mzigo aliopewa. Kile chuma kilichokatika pia akilete kama anacho. Fundi wetu atakitazama kilivyovunjika, naye ataandika.