Huruma Inayoua Mkono

Mgonjwa wa kiharusi akirudi nyumbani kutoka hospitali, jamaa humzunguka kwa mapenzi. Huyu anamlisha, yule anamfunga vifungo vya shati, na jioni huletwa chupa ya mafuta achuliwe mkono uliopooza. Akijaribu kuunyoosha mkono huo achukue kikombe, anazuiwa: "Pumzika baba, usijichoshe." Huruma hiyo imejengwa juu ya imani kwamba mkono ukipumzishwa na kuchuliwa vya kutosha, utarudi wenyewe. Imani hiyo ni ya uongo, na inawabakiza watu wengi katika ulemavu ambao ungeweza kupungua.

Kilichoumia si mkono. Kilichoumia ni ubongo, nao haufundishwi kwa kupaka mafuta begani.

Mwaka 1895, nchini Uingereza, watafiti Mott na Sherrington waliwakata tumbili mishipa ya fahamu inayopeleka hisia kutoka mkononi, wakaiacha ile inayoamrisha misuli. Misuli ilikuwa na uwezo wote, lakini wanyama wale wakaacha kuutumia mkono usiohisi. Miongo mingi baadaye mtafiti Edward Taub, Marekani, alionyesha kwamba ukiufunga mkono mzima, tumbili huanza kuutumia ule alioutelekeza. Mnyama alikuwa amejaribu siku za mwanzo, akashindwa, akazoea kuishi na mkono mmoja. Ndivyo anavyozoea mzee wetu, nasi tunamsaidia kuzoea kila tunapomwekea tonge mdomoni.

Kuna wanaosema miezi ikishapita, basi tena. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2006 uliwahusu wagonjwa 222 waliopata kiharusi miezi 3 hadi 9 kabla, ambao bado waliweza kusogeza kidogo kiganja na vidole. Waliovalishwa glavu kwenye mkono mzima kwa wiki 2, huku wakifanyishwa mazoezi ya ule dhaifu, waliimarika kuliko wenzao waliopata huduma ya kawaida.

Nitaambiwa kwamba kuchua nako ni kuamsha hisia. Ni kweli, na hapo ndipo tunapopotoka. Mguso unaompata mgonjwa akiwa amelala, macho yake yakiwa kwenye televisheni, haumdai ubongo wake chochote. Hisia inafaa inapoungana na tendo. Mwaka 2021 yalitoka matokeo ya utafiti wa watu 108 waliopandikizwa kifaa cha kusisimua mshipa wa fahamu uitwao vagasi, ulioko shingoni. Wote walifanya mazoezi yaleyale. Karibu nusu yao walipata msisimko kamili kila walipousogeza mkono, na hao ndio walioimarika zaidi. Kifaa hicho wengi wetu hatutakiona, ila funzo lake ni la bure: mguso na mwendo viende pamoja, na mgonjwa awe ndiye mtendaji.

Basi msugue kiganja kwa taulo kavu, kisha hapohapo mwambie akamate taulo hilo. Mtie ufunguo mkononi akiwa amefumba macho, autambue kwa vidole. Achambue maharage. Achovye mkono kwenye bakuli la mchele, atafute sarafu iliyozama. Asiyeweza kusogeza hata kidole, uongozeni mkono wake taratibu huku mwenyewe akiutazama na kujitahidi. Msimvute kwa mkono huo mnapomnyanyua, maana bega huteguka upesi. Na maji ya moto yapimwe kwanza kwa mkono unaohisi. Ule mwingine unaweza kuungua bila yeye kujua.

Mtu asikubali kutoka wodini na karatasi ya vidonge peke yake. Amwombe mtaalamu wa fiziotherapia ampangie mazoezi ya nyumbani, na jamaa atakayebaki na mgonjwa ayajifunze palepale. Na nyumbani, ndugu zangu, mwacheni mzee avae shati lake mwenyewe, hata likimchukua nusu saa.