Bakuli la Chai Lisitiwe Kifungoni

Katika mwaka wa 1912 tajiri mmoja wa Osaka, Fujita Denzaburō, aliyekuwa amekusanya vyombo vya chai kwa miaka mingi na kwa ukwasi mkubwa, alitoa yeni 90,000 mnadani kwa ajili ya kijaluba cha udongo kilichofinyangwa kusini mwa Uchina, chenye kifuniko cha umbo la kobe, ambacho kazi yake yote ni kuhifadhi udi unaotiwa kwenye makaa ya kuchemshia maji kabla wageni hawajaandaliwa chai. Siku chache baadaye akafariki. Kijaluba kipo hata leo katika makumbusho yenye jina la aila yake, na ni nadra kutajwa pasi na bei yake kutajwa pamoja nacho. Mintarafu ya udi na moshi wake, hakuna aulizaye.

Simdhihaki marehemu, kwani alikijua vizuri alichokitafuta. Nalitaja jambo hili kwa kuwa ukusanyaji wa vyombo vya kale vya chai ya Kijapani umekwisha kuvuka bahari zamani, ukafika kwenye minada ya New York na London, na wengi wanaoingia humo na fedha zao hudhani ya kuwa kitu wanachokinunua ni umri. Rai yangu ni kinyume cha hivyo. Chombo cha chai hununuliwa kwa utumishi wake, na mwenye kukifungia kabatini, asikitie chai wala asimnyweshee mgeni, huwa amelipa thamani kamili akachukua nusu ya kitu.

Ni kweli kwamba mambo hayakuanza hivyo. Makabaila wa Japani wa karne ya 15 walivipenda vyombo vya Uchina vya fahari, na katika hivyo mabakuli meusi ya Fujian, waliyoyaita tenmoku, yalipewa cheo kikubwa. Matatu kati yao, yale ambayo moto wa joko uliyatia madoa yenye mng'aro wa buluu, yote yamo Japani na yote yamehesabiwa kuwa hazina ya taifa. Lakini akaja bingwa wa chai Murata Jukō, na baada yake Takeno Jōō, na hatimaye Sen no Rikyū wa mji wa Sakai, aliyeishi baina ya 1522 na 1591, ambaye alikipunguza chumba cha chai hata kikawa cha mikeka miwili, akavipunguza na vyombo vyake vilevile, na badala ya kuagiza ng'ambo akamtaka Chōjirō, fundi ambaye jadi humtaja kuwa mtengeneza vigae vya mapaa, amfinyangie bakuli.

Bakuli hilo, la namna iitwayo Raku, linafaa litazamwe kwa karibu. Halizungushwi juu ya gurudumu. Hufinyangwa kwa viganja viwili vikilizingira donge la udongo, kisha likikauka kidogo hukwanguliwa kwa kisu ndani na nje mpaka unene wake uwe ule unaostahili mkono. Likiwa jeusi, hutolewa jokoni kwa koleo lingali likiwaka wekundu, na aghalabu alama ya koleo hubaki ubavuni mwake milele. Udongo wake ni wa chengachenga na wenye vinyweleo, hivyo hupitisha joto polepole: chai ya unga ya kijani ikishapigwa kwa upekecho wa mwanzi, mnywaji hulikumbatia bakuli kwa mikono yote miwili naye haungui, na joto humjia pole pole kama la mwili wa mtu. Jicho peke yake litayajuaje hayo? Mtu anaweza kusimama mbele ya kabati la kioo tangu asubuhi hata magharibi asijue uzito wake wala jinsi mdomo wa bakuli unavyoinama pale mdomo wa binadamu unapokutana nao. Nyumba ya Chōjirō ingali Kyoto, ikifinyanga kwa njia hiyo hiyo, nayo imefikia kizazi cha 16.

Katika mji wa Hagi nako hali ni hiyo, ila historia yake ina uchungu, na mkusanyaji mwenye insafu hapaswi kuipita. Mtawala wa Japani Toyotomi Hideyoshi alipoivamia Korea baina ya 1592 na 1598, mabwana wa Kijapani waliorejea kutoka vitani walikuja na wafinyanzi wa Kikorea, wengi wao mateka, wakawaweka katika himaya zao. Ndiko zilikotoka sifa za Hagi, Satsuma na Arita. Watu wa pwani hii yetu ya Afrika Mashariki hawahitaji kufafanuliwa maana ya fundi kuvukishwa bahari bila hiari yake. Sasa mabakuli ya Hagi yana utando wa kioo wenye nyufa nyembamba mno, na chai hupenya humo mwaka baada ya mwaka, hata rangi ya bakuli ikabadilika kutoka weupe wa maziwa kwenda hudhurungi. Wajapani wana msemo kwamba hubadilika mara saba. Anayelifungia bakuli la Hagi lisinywewe amelikataza kukua.

Lakini mfano ulio bayana kuliko yote ni wa bakuli liitwalo Kizaemon, nalo ni la Kikorea, la karne ya 16, lisilo na nakshi wala jina la mfinyanzi. Upana wake ni kiasi cha sentimita 15, rangi yake ni ya manjano iliyofifia kuelekea udongo, na pale kwenye kitako chake utando wa kioo umejikunja ukafanya matone matone, jambo ambalo fundi wa vyombo vya kifalme angeliona kuwa ni aibu. Matsudaira Fumai, bwana wa Matsue aliyefariki mwaka 1818, alilinunua kwa ryō 550 za dhahabu, akaling'ang'ania ingawa ilisemekana kwamba kila anayelimiliki hupatwa na majipu, naye mwenyewe yakampata. Hatimaye aila yake ikalitoa, kama mtu atoavyo wakfu, kwa hekalu la Kohō-an mjini Kyoto. Mwaka 1931 mwandishi Yanagi Sōetsu alipewa ruhusa ya kuliona, likatolewa sanduku ndani ya sanduku, na alipoliona akastaajabu jinsi lilivyo la kawaida: kwa mujibu wake lilikuwa chombo cha chakula cha maskini, na uzuri wake ulitokana na kutokukusudiwa kuwa zuri. Wako wanaompinga kuhusu asili yake, na huenda wana haki. Hata hivyo hakuna apingaye kwamba waliolipandisha cheo ni wanywaji wa chai, kwa kulishika, kulinywea na kusimuliana.

Nitaambiwa: likivunjika je? Jawabu limo katika vyombo vyenyewe. Kile kijitungi cha unga wa chai kiitwacho Tsukumo Nasu, ambacho mbabe wa vita Oda Nobunaga alikabidhiwa mwaka 1568 na mkuu aliyekuwa akimtii, kilivunjika katika moto wa ngome ya Osaka mwaka 1615. Vigae vyake vikachimbuliwa jivuni, vikaungwa kwa utomvu wa mti wa urushi kwa ustadi ambao macho hayatambui kiungo, na hakuna aliyekishusha cheo. Zaidi ya hapo, imepokewa kwamba mtawala Ashikaga Yoshimasa alikuwa na bakuli la kijani la Longquan likapata ufa, akalipeleka Uchina aletewe jingine mfano wake. Mafundi wa huko, wakiwa hawawezi tena kulifanya kama lile, walilirudisha limeshonwa kwa misumari ya chuma, na Wajapani wakalipenda zaidi kwa ajili ya misumari yake. Ama huu mtindo wa siku hizi wa kuvunja kikombe kizima kwa makusudi ili kipakwe dhahabu kwenye ufa, mimi nauona ni upuuzi mtupu. Mshono una heshima kwa kuwa msiba ulikuwa wa kweli.

Kinachostahili kulindwa kuliko hata ukamilifu wa chombo ni isnadi yake. Kila chombo cha maana kina sanduku lake la mbao, na juu au chini ya kifuniko bingwa wa chai huandika kwa wino jina la chombo, mfinyanzi wake, na pengine aliyekimiliki. Mfuko wake wa hariri huhifadhiwa, barua zake huhifadhiwa. Mtungi wa majani ya chai uitwao Chigusa, ulionunuliwa na makumbusho ya Freer ya Washington mwaka 2009, ulifika huko na vifuniko, kamba na nyaraka za karne kadhaa, na bila ya hivyo ungekuwa mtungi wa kahawia wa Kichina kama mingine mingi. Lakini wino nao hudanganya. Mwaka 1959 serikali ya Japani iliutangaza mtungi mmoja, ambao haukuwa wa chai, kuwa mali muhimu ya urithi kwa sababu ulichorwa tarehe ya 1294. Ikadhihirika kuwa ni kazi ya mfinyanzi aliyekuwa hai wakati huo, Katō Tōkurō, na mwaka 1961 tangazo likafutwa, na Koyama Fujio, mtaalamu aliyeuidhinisha, akajiuzulu. Tarehe iliwatosha.

Hasara ya kupotea kwa isnadi tunaijua hata kwetu. Majoko ya Longquan yaliyompatia Yoshimasa bakuli lake ndiyo yaliyoileta kaure ya kijani Gedi na Kilwa. Wahenga wetu walichukua mabakuli ya Uchina wakayapachika katika makuba ya misikiti na nguzo za makaburi, kama yaonekanavyo Mambrui, na kwingi, Kunduchi ikiwamo, kumebaki vishimo vya mviringo katika chokaa ambamo mabakuli yalibanduliwa. Yako wapi? Baadhi yawezekana yamo makabatini mwa watu wenye mapenzi ya kweli, ila hayana sanduku lenye maandishi wala jina la marehemu ambaye yalimlinda, na hakuna mnada utakaoyarejeshea hayo.

Basi sisemi kwamba Kizaemon lipitishwe mezani kila siku. Hazina za taifa na zibaki na walinzi wake, na sheria ya 1950 inayozuia zisitoke Japani ni sheria njema. Nasema na mtu mwenye mfuko wa wastani anayetamani kuanza. Aache kutafuta karne, anunue bakuli la Hagi la mfinyanzi asiye na jina kubwa, pamoja na sanduku lake, na aandike yeye mwenyewe amelipata kwa nani na lini. Kabla ya kulinywea aliloweshe katika maji ya vuguvugu, lishibe, ili chai isiliingie ghafla. Akimaliza alioshe kwa maji matupu pasi na sabuni, alifute, kisha aliache wazi siku kadhaa, maana likirudishwa sandukuni na unyevu litaota ukungu.