Printa Ikikataa, Mzani Haujakataa



Sisi wa mashamba ya chai tunalipwa kwa kilo. Unga, sabuni na ada ya watoto, vyote vimo katika karatasi ndogo inayotoka kwenye printa pale banda la mizani. Karatasi hiyo ndiyo tiketi: ina namba ya mchumaji, kilo zake na tarehe. Kwa hiyo leo nataka tuizungumze printa, ingawa wako watakaosema kuwa hayo ni mambo ya mafundi.

Kabla sijaingia kazi ya chama nilikuwa mchumaji katika shamba moja hapa magharibi ya Uganda. Jioni moja ya mvua printa ilinyamaza. Karani akatuambia, "Mashine imekataa, tiketi mtapata kesho." Tukaenda zetu. Asubuhi alikuja fundi. Aliizima printa, akashika kitufe cha kusogeza karatasi, akaiwasha. Ikatoa karatasi ya majaribio, safi kabisa. Akasema, "Printa ni nzima. Tatizo ni mawasiliano." Aliyefagia ofisi alikuwa amechomoa waya, akaurudisha katika tundu jingine la kompyuta, na kompyuta ikawa inazipeleka tiketi kwenye tundu la zamani. Lakini usiku ule karani alikuwa amekwisha kufuta foleni yote ya tiketi, akidhani ndiyo inayoziba. Ofisi ililipa kwa kufuata nakala za tiketi, na kilo za jioni ile hazikuwa na nakala. Alilipwa mama mmoja tu, aliyeziandika kilo zake katika daftari la mwanawe, naye baada ya kubishana sana. Sisi wengine tuliambiwa tulete ushahidi.

Ndugu zangu, printa ilikuwa nzima. Mzani ulikuwa mzima, na kilo tuliziona kwa macho yetu. Kilichokosekana ni kalamu.

Simlaumu karani peke yake. Naye ni mfanyakazi, alipewa mashine bila kufundishwa. Basi na tujifunze pamoja. Kati ya kompyuta na printa pana programu ambayo mafundi huiita draiva. Huyu si dereva wa lori. Kazi yake ni ya mkalimani. Mkalimani asipokuwapo, au akiwa wa printa ya aina nyingine, printa hunyamaza au hutoa alama zisizosomeka. Na pale mzani unapounganishwa na printa moja kwa moja kwa waya, lazima vyote viwili viwekwe kasi moja ya mazungumzo. Mmoja ukiwa 9600 na mwingine 4800, hawaelewani.

Kila mjumbe wa wafanyakazi aliye karibu na mizani ayajue haya. Kwanza, umeme upo na taa ya printa inawaka? Pili, karatasi imewekwa sawasawa? Karatasi hizi huandikwa kwa joto, tena upande mmoja tu. Ikwaruze kwa ukucha, upande unaoweka alama nyeusi ndio wa kuandikwa. Tatu, toa karatasi ya majaribio. Ikitoka vizuri, printa haijafa; tazama waya pande zote mbili, na kama uko katika tundu lake la kawaida. Ikishindikana, aitwe fundi. Na foleni ya tiketi isifutwe kamwe kabla kilo za kila mtu hazijaandikwa.

Lakini kujua mashine hakutoshi. Tunataka mwajiri akubali kwa maandishi kwamba printa ikikataa, kilo ziandikwe kwa mkono katika kitabu chenye karatasi ya kaboni, karani atie sahihi, mjumbe wetu atie sahihi, na mchumaji aondoke na nakala yake. Wako mameneja wanaosema kuwa mkono unaweza kudanganya. Ni kweli, ndiyo maana tunataka sahihi mbili. Sheria ya Ajira ya Uganda ya mwaka 2006 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya mshahara wake kwa maandishi, kwa lugha anayoweza kuielewa. Maelezo hayo yatakuwa na maana gani kama kilo zenyewe zilipotea mizanini?

Wazee waliokata mkonge Tanganyika walikuwa na kipande, kadi ya siku 30 za kazi. Siku isiyotiwa alama katika kipande ilikuwa siku ya bure. Tiketi ya leo ni kipande kilekile, ila anayetia alama ni mashine. Mnyapara aliyekataa kutia alama uliweza kumshika ukamuuliza. Mashine haiulizwi, anayeulizwa ni mwenye mashine. Hasara ya mashine yake isibebwe na mgongo uliobeba kikapu.

Nawe mchumaji, usiiweke tiketi juani wala katika nguo yenye jasho, maana maandishi yake hufifia. Jioni hiyohiyo zinakili kilo zako katika daftari. Kama hujui kuandika, mwombe mwanao au jirani akuandikie. Na siku utakapoambiwa "mashine imekataa", usiondoke bandani. Simama na wenzako, mwambieni karani kwa upole: printa imekataa, mzani haujakataa. Andika.