Acheni kumwekea mrija asiyekunywa

Wadau, UE zimeisha, nusu ya hosteli wameshafungasha, na mimi naelekea nyumbani Nyakunguru, kule Tarime. Nina miezi minne sijagusa pombe. Kila ninayemwaga ananiambia kitu kilekile: "Nenda kijijini ukapumzike, vishawishi viko mjini." Jamani, nani kawadanganya?

Hapa chuo baa ninazijua, njia zake nimezihama, na Alhamisi nakaa na wenzangu wanaoacha kama mimi. Kijijini Desemba nihamie wapi? Kuna Krismasi, kuna harusi, na ukiwa mwaka wa tohara ndiyo usiseme. Halafu anayekukaribisha si mhudumu wa baa, ni baba mdogo aliyechangia ada yako. Mhudumu unamkatalia unapita zako. Baba mdogo ukimkatalia, ni kikao cha ukoo.

Kwanza wanasema, "Moja tu haina neno." Kwa aliyezoea inalo. Ubongo wake umeshafunga pombe pamoja na harufu, mahali na watu, na kumbukumbu hiyo haifutiki kwa miezi minne. Hiyo moja ndiyo inayofungua mlango.

Pili, "Ni mila, mwanaume wa Kikurya hakatai." Mila ipi hiyo? Mwanahistoria Justin Willis ameandika kitabu kizima kuhusu pombe Afrika Mashariki, Potent Brews, kilichotoka 2002. Anaonyesha kwamba zamani unywaji ulihusishwa na mamlaka ya wazee wa kiume. Kwa jamii nyingi, kijana kujinywea alivyotaka ndiyo ilikuwa kuvunja mila! Leo tunamshikisha mrija mtoto wa chuo halafu tunawasingizia mababu.

Tatu, "Serikali ipige marufuku." Sheria ya kukataza kupika gongo bila leseni ni ya 1966. Viroba vilipigwa marufuku Machi 2017, na nafurahi vilitoka. Lakini hivi gongo imekwisha? Hakuna sheria itakayokaa kwenye kigoda pale uani ikusaidie kusema hapana.

Kwa hiyo nasema na ninyi ndugu. Heshima ni mtu kuja kukaa nanyi, si kilichomo kwenye kikombe chake. Mpeni soda, mpeni uji, msimuulize mbele za watu kama ameokoka au anaumwa.

Na wewe unayeacha: mweleze mtu mmoja wa nyumbani kabla hujafika, salimia wazee mchana na uondoke kabla ya giza, nauli ya kurudi usiiguse. Ila kama unakunywa kila siku, usikate ghafla peke yako eti kwa sababu ni likizo. Kuna wanaotetemeka mpaka degedege, na inaua. Anzia hospitali.

Mwenye hoja ya kunipinga aje nayo, ila asije na chupa.

Nawasilisha.